Mwulize Fundi: Asembli au fanksheni za kompaila?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Programu yangu ya C ina nyuzi nne (sehemu zinazoendeshwa kwa wakati mmoja), zote zinaongeza kaunta moja ya ujumbe unaopokelewa. Niliandika `lock xadd`, amri ya kuongeza bila kuingiliwa, kwa asembli (lugha ya amri za prosesa zenyewe) ndani ya C, na kwenye kompyuta yangu ya Intel hesabu haijawahi kupotea. Nimeihamishia Raspberry Pi 4, haikubali hata kukompailiwa. Jamaa mmoja kaniambia niandike asembli ya ARM, mwingine ananitajia fanksheni za kompaila zinazoanza na `__sync`. Nimsikilize nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Wote wawili waache. Futa hiyo asembli, tumia fanksheni hii ya kompaila: `__atomic_fetch_add(&kaunta, 1, __ATOMIC_RELAXED)`. Kompaila ya GCC inayo tangu toleo la 4.7 la mwaka 2012, na kompaila ya Clang inaielewa. `__sync` ni za zamani, nazo huweka vizuizi vizito vya kumbukumbu (vya kulinda mpangilio wa kusoma na kuandika) hata usipovihitaji.

Huyo wa asembli ya ARM ndiye anayekupeleka pabaya. Prosesa ya Pi 4 haina amri moja ya kuongeza kwa mkupuo: inasoma kwa `ldxr`, inaandika kwa `stxr`, ikiingiliwa inaanza upya. Ukiziweka amri hizo katika vipande viwili vya asembli, kompaila ina ruhusa ya kupenyeza uandishi mwingine wa kumbukumbu katikati, na mzunguko unaweza usiishe kamwe. Pi 5 nayo inayo `ldadd`, amri moja basi. Utaandika matoleo mangapi? Kwenye Linux ya ARM ya biti 64, GCC 10 na zilizofuata huweka njia zote mbili, na programu huchagua inapoendeshwa.

Ila `RELAXED`, isiyolinda mpangilio huo, ni ya kuhesabu tu. Siku ukitaka uzi mmoja uuambie mwingine "data iko tayari", anayeandika atumie `RELEASE`, anayesoma `ACQUIRE`. Hapo Intel imewadanganya wengi: makosa mengi ya mpangilio hayaonekani kwake, yakifika ARM yanakuamsha saa nane usiku.

Utaniambia kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) imejaa asembli. Kweli, lakini wale wana kanuni zao za kumbukumbu, zilizotangulia C11, kiwango cha lugha ya C cha mwaka 2011. Wewe unahesabu ujumbe.

Na kama Pi yako inaendesha mfumo wa biti 32 huku kaunta ni ya biti 64, huenda ukalalamikiwa kwamba `__atomic_fetch_add_8` haipatikani. Ongeza `-latomic` mwishoni mwa amri ya kukompaili.