Pikipiki ya mjomba, safari ya Rombo

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu mjomba ameniachia BMW R 80 RT ya mwaka 1986. Imelala stoo miaka minne chini ya turubai, na ukiitazama bado inang'aa. Fundi wa mtaani ametia betri mpya na petroli, ikawaka, akasema iko tayari. Lakini nikivuta mafuta inakuwa nzito, na silenda ya kushoto inachelewa kupata moto. Desemba nataka tupande nayo Rombo kwa bibi: mimi, mama watoto na kijana wetu wa miaka tisa. Naweza kuiamini? Na mtoto akae katikati yetu au mbele kwenye tenki?
Mkazi wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Naanza na mtoto. Hakai katikati, hakai mbele. Hiyo ni mishikaki, na pikipiki hii, kwa ukubwa wake wote, ni ya watu wawili. Kwenye tenki ndipo pabaya kabisa: ukikamata breki ghafla, anabanwa kati ya usukani na kifua chako. Tena Desemba unaijua barabara ya Himo, Wachaga wote tunarudi nyumbani kwa wakati mmoja. Mama watoto apande basi na kijana, wewe utangulie na mizigo kwenye masanduku ya pembeni.

Sasa mashine. Injini ya R 80 ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mimi nimezifungua nyingi hapa Unga Ltd, Arusha, na chuma chake nimekikuta kizima. Kinachokufa stoo ni mpira. Kila kabureta ina diaframu, mpira mwembamba kama puto, unaonyanyua pistoni ndogo pamoja na sindano ya mafuta. Ukipasuka, injini inawaka vizuri lakini inagoma kupanda. Huo ndio uzito unaousikia. Fungua kifuniko cha juu, inua diaframu kwenye mwanga wa jua, utaona tundu. Badilisha pande zote mbili. Kushoto kuchelewa kupata moto ni jambo jingine: nadhani jeti ndogo ya sailensa, kile kitundu kinacholisha injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta, imeziba kwa petroli iliyoganda. Mwaga yote iliyobaki kwenye tenki kabla hujasafisha, la sivyo utarudia kazi.

Tairi usizitazame kashata, yaani meno yake, peke yake. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2312 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi ya namna hiyo itoe, hata kama bado ina vinyweleo. Mwaka mmoja ya kwangu ilipasuka ubavu nikitoka Boma Ng'ombe, kashata zikiwa nzima kabisa.

Hozi za breki nazo ni mpira. Zikizeeka huvimba kwa ndani, breki ikashika na isiachie. Weka mpya, na mafuta ya breki mapya, kwa sababu ya zamani yamekwisha kunywa maji. Ukishuka kutoka Mwika kuja Himo na breki zikapata moto, maji hayo yanachemka na mkono wa breki unalala mpaka kwenye usukani. Shuka na gia ya tatu, injini ikushikie.

Oili iko sehemu nne, kila moja na yake: injini, giaboksi, shafti, na difu ya nyuma. Wengi hubadilisha ya injini tu. Nafasi za vali pima injini ikiwa baridi kabisa, 0.10 mm za kuingiza na 0.20 mm za kutoa. Silenda zimelala nje pande mbili, unafanya kazi hiyo umekaa kwenye kigoda.

Mkishafika, mpe kijana zamu yake ya kupakiwa nyuma asubuhi, lami ikiwa kavu. Kwanza aketi pikipiki ikiwa imesimama: kama nyayo hazikanyagi vikanyagio vizuri, asubiri mwaka mwingine. Helmeti iwe ya saizi yake. Mwambie atikise kichwa, ikicheza, haimfai. Shokapu ya nyuma ikaze kidogo kwa ajili ya uzito wa wawili.

Na umwongeleshe njiani. Binti yangu nilimpakia kutoka Moshi akiwa na miaka kumi. Tulipopita Kikatiti nikasikia helmeti yake inagonga mgongo wangu, mara moja, mara mbili, halafu mikono ikalegea kiunoni. Alikuwa amelala. Nilimshika mkono kwa mkono wangu wa kushoto, nikaachia mafuta, nikaenda pembeni taratibu mpaka tukasimama. Tangu siku hiyo, mtoto akiwa nyuma yangu nasimama kila nusu saa, tunanunua ndizi, tunatembea kidogo, ndipo tunaendelea.