Kupanua tundu la valvu kwenye boti la faiba

SWALI: Valvu inayovuta maji ya kupozea injini ya boti langu ni ya inchi ¾. Injini mpya inataka inchi 1. Nikijaribu kupanua tundu kwa msumeno wa duara wa drili, unarukaruka. Nifanyeje? – Msomaji, Mtwapa

JIBU: Msumeno huo huongozwa na kekee yake ya katikati, na hapo sasa pana uwazi mtupu. Chonga hasho (kizibo) ya mbao ngumu inayobana tunduni, ibandike kwa epoksi, ngoja igande hadi kesho. Inchi 1 ni upana wa njia ya maji. Thredi ya nje ya fitingi (bomba fupi linalopita tunduni, hukazwa kwa nati ndani na kushika valvu), ya kipimo cha Kiingereza, BSP, ina kipenyo cha mm 33.2, hivyo chukua msumeno wa mm 35.

Toboa kutoka nje, polepole, umevaa barakoa na miwani. Anza kwa kuzungusha drili kinyumenyume mpaka meno yachore duara kwenye jelikoti (ngozi laini ya nje ya faiba), ndipo uigeuze. Vinginevyo jelikoti hubanduka vipande vipande.

Kitazame kipande kilichotoka. Kikiwa faiba tupu, pakaza epoksi mara mbili kwenye ukingo wa tundu ili nyuzi zisinyonye maji. Kikiwa na balsa au foamu katikati, kwangua kiini hicho mm 15 kuzunguka tundu lote, jaza epoksi iliyokolezwa kwa unga wa silika, kisha toboa upya. Ukiruka hatua hii, balsa italowa na kuoza mbali na tundu, na hutajua hadi sakafu ianze kubonyea.

Ndani, bandika kitako cha plaiwudi ya mm 18 iliyopakwa epoksi pande zote, kipana kuliko nati kwa mm 25 kila upande. Upande unaogusa boti uchongwe ufuate mpindo wake. Nati ikikaa juu ya mpindo hushika sehemu mbili tu, na gundi hukamuka upande mmoja.

Valvu za duka la mabomba zitaingia kwenye thredi vizuri kabisa, na ndiyo hatari yenyewe: nyingi ni brasi. Maji ya chumvi huila zinki yake, ikabaki shaba laini ya rangi ya waridi inayokatika kwa teke. Nunua bronzi, valvu na fitingi pamoja. Thredi ya NPT (kipimo cha Kimarekani) kwenye ya BSP hushika mizunguko michache tu, kisha inakwama.

Funga kila kitu kwanza bila gundi. Kisha safisha kwa asetoni, paka gundi ya boti, Sikaflex 291 (silikoni hapana, si chini ya maji). Mmoja ashike fitingi nje, mwingine akaze nati ndani, gundi itokeze duara zima. Fitingi yenyewe isizunguke. Usishue boti kwa siku kadhaa. Gundi hiyo hukauka kuanzia pembeni. Na mpira wa maji pamoja na chujio navyo viwe vya inchi 1, la sivyo umetoboa bure. Funga nguruzi ya mbao laini kwa kamba kando ya valvu, ya kuzibia tundu valvu ikivunjika.

SWALI: Tundu nisilolitumia tena, je, nilizibe tu kwa mbao? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, mbao hufura na kusinyaa. Sugua faiba upate mteremko wa 12 kwa 1: unene wa mm 8 unataka mteremko wa mm 96 kuzunguka tundu. Jaza kwa epoksi na kitambaa cha nyuzi kilichofumwa, tabaka kwa tabaka. Mati ya kawaida (nyuzi fupi zilizogandishwa bila kufumwa) iache, gundi inayoshikanisha nyuzi zake haiyeyuki kwenye epoksi.