Kupandisha jipsamu darini peke yako: pini kwanza, winchi baadaye

Mkuu, hiyo winchi ya trela usiifunge. Umesema unajitengenezea kifaa cha kunyanyulia bodi: mbao umeshakata, nguzo imeshasimama, kilichobaki ni kufunga winchi ya kuvutia boti, ile ya kukunja kamba kwa hendeli, ili Jumamosi uanze kupandisha jipsamu darini bila msaidizi. Unauliza magurudumu ya saizi gani, mbao za kubebea bodi ziwe na urefu gani, na uanze na dari au kuta. Nilipofika kwenye neno "winchi" nikaona silali kabla sijakujibu, maana ulichochora ndicho nilichojenga mimi, na kilinivunja mkono.

Bodi tatu za kwanza zilipanda vizuri kabisa, na hapo ndipo nilipojisahau. Bodi ya mita 1.2 kwa 2.4, unene milimita 12.5, ina kama kilo 25. Fremu yangu ya kubebea bodi ilikuwa na kilo 14 hivi. Mzigo wote huo ulishikwa na ulimi mdogo wa chuma unaong'ata meno ya winchi. Ulimi ukikaa sawasawa, mzigo umetulia. Ukikaa nusu jino, unasubiri kutikiswa tu. Vumbi la jipsamu lilikuwa limejaa kwenye springi yake, na mimi sikuangalia. Nikaachia hendeli, nikainama kuchukua drili. Nikasikia "tak" moja, kisha hendeli ikaanza kurudi kinyumenyume kwa kasi ambayo huioni tena kama hendeli, unaona duara la kijivu. Nikanyoosha mkono kuidaka.

Usiidake. Ikitokea, ruka pembeni, bodi ivunjike. Mimi ilinipiga kwenye kifundo cha mkono, mfupa mdogo wa upande wa kidole gumba ukavunjika, nikakaa wiki nane na plasta. Bodi ilitua kwa kona palepale nilipokuwa nimesimama dakika mbili kabla, nikitazama juu kutafuta mihimili. Kitu kikidondoka kutoka mita 2.4 kinafika sakafuni kwa sekunde 0.7. Kichwani kinafika mapema zaidi.

Aliyenipoteza ni jamaa mmoja wa video. Alipandisha bodi mpaka nusu ya njia, kamera ikakatwa, iliporudi bodi imeshapigwa skrubu. Kile kipande cha katikati, ambacho ndicho kinachoua, hakukionyesha. Mtu akamuuliza breki iko wapi, akajibu kwamba winchi inayovuta boti haiwezi kushindwa na bodi. Kuvuta si kunyanyua! Boti ikiponyoka inateleza kurudi majini, bodi ikiponyoka wewe uko chini yake. Mpaka leo nikiiona ile video inasambazwa damu inanichemka. Na winchi yangu ilikuwa na kibandiko kinachosema isitumike kunyanyulia. Nilikibandua ili nipate nafasi ya kutoboa tundu la bolti.

Sasa shika hili moja: bodi isining'inie kwenye kamba peke yake hata kwa sekunde tano. Nguzo iwe bomba mbili za mraba, moja ikipanda ndani ya nyingine. Ile ya ndani itoboe matundu kila sentimita 10, na upitishe pini ya chuma ya milimita 12 juu tu ya mdomo wa bomba la nje. Kuwa na pini mbili. Ya kwanza huitoi mpaka ya pili imeingia kwenye tundu lililotokeza chini yake. Kamba ikikatika, winchi ikiachia, mzigo unashuka sentimita 10 unakwama.

Winchi yenyewe tafuta ya breki inayojishika, ile ambayo ukiachia hendeli inabaki hapohapo na kushusha ni lazima uizungushe kurudi. Hata hiyo, breki nyingi za aina hiyo zinahitaji uzito kidogo ndipo zishike, kwa hiyo fremu tupu inaweza kuteleza. Pini bado iwepo. Bodi ikishagusa mihimili, ikaze kwa miti miwili ya umbo la T, mmoja kila upande, iliyozidi kimo cha dari kama sentimita 1 ili uigongee kwa nguvu. Drili uichukue baada ya hapo.

Anza na dari, kisha kuta, kwa sababu bodi za ukutani zinashikilia kingo za dari kwa chini. Magurudumu yawe ya kufungika.

Kabla ya bodi ya kwanza, weka mfuko wa mchanga wa kilo 50 kwenye fremu, upandishe mpaka juu, tia pini, kisha legeza kamba kabisa usimame mbali. Kaa nusu saa ukiangalia. Halafu nitumie picha ya pini ikiwa imeingia, tafadhali, hata kama ni usiku.