Jibu kwa mama mdogo na mdogo wangu kuhusu uaskari wa Uingereza

Mama mdogo, shikamoo. Nimepata maswali yenu. Mdogo wangu amesoma habari za Christian Davies, mwanamke aliyetumikia jeshi la Uingereza kwa miaka mingi akidhaniwa kuwa mwanamume, na sasa anataka kujua kama mimi, niliye katika jeshi hilohilo leo, nalazimika kuishi kwa kujificha. Wewe unaogopa kwamba nikijibu hapana atazidi kutamani kunifuata. Nitawaambia ninavyoona.

Davies alizaliwa Dublin mwaka 1667. Mumewe alipotoweka na baadaye ikajulikana kuwa yuko jeshini, aliwaacha watoto kwa jamaa, akakata nywele, akavaa nguo za mumewe na kujiandikisha mwaka 1693 ili amtafute. Masimulizi ya maisha yake yalichapishwa mwaka 1740, mwaka mmoja baada ya kifo chake, nayo yana chumvi nyingi. Hata hivyo, kumbukumbu za hospitali ya askari wastaafu ya Chelsea zinamtambua kuwa mwanamke aliyejeruhiwa vitani akiwa katika mavazi ya kiume, na alilipwa pensheni. Siri yake iliwezekana kwa sababu zama hizo aliyejiandikisha hakuvuliwa nguo akapimwa kama sisi, askari walilala na nguo zao, na vikosi vilijaa wavulana ambao hawajaota ndevu. Inasimuliwa hata kwamba alikuwa na kijibomba cha fedha cha kumwezesha kukojoa akiwa amesimama. Niliposoma hilo nilicheka, kisha nikakumbuka mazoezi yetu ya porini, pale wanaume wanapogeuka tu kando ya njia nami natafuta kichaka nikiwa na mzigo mgongoni, nikaacha kucheka.

Kinachoniuma katika habari zake ni mwisho wake. Mwaka 1706, katika vita vya Ramillies, alijeruhiwa kichwani, na madaktari waliomtibu wakagundua kuwa ni mwanamke. Inasemekana hakuadhibiwa, na wakubwa wakaagiza aendelee kupewa mshahara hadi apone. Lakini uaskari wake uliishia hapo, akabaki kambini kama mke wa askari na muuza vyakula. Miaka yote ya kutumikia na kupigana haikutosha kumbakiza kazini, ingawa hakuna aliyesema kwamba kazi yenyewe ilimshinda.

Mimi sifichi jinsia yangu, mama mdogo. Tangu mwaka 2018 kazi zote za jeshi hili ziko wazi kwa wanawake, hata za mstari wa mbele, na mshahara hufuata cheo. Msidhani lakini kwamba hali ilikuwa hivi tangu zamani, kwani hadi mwaka 1990 askari aliyepata mimba aliondolewa kazini. Mimi nilikuta njia imekwishafunguliwa na wengine.

Kujificha kwingine, hata hivyo, kupo. Katika kikosi chenye wanawake wachache unajifunza kucheka mzaha usioupenda, kukunja uso wakati wa maumivu ya hedhi ili watu wadhani ni uchovu wa kutembea, na kutokuwa wa kwanza kulalamika kwamba vazi la kukinga risasi linakubana kifuani. Hakuna anayeniamuru nifanye hivyo, na njia za kupeleka malalamiko zipo. Nimezitumia, na si kila aliyekuwa rafiki yangu alibaki kuwa rafiki. Ongeza na lafudhi yangu: agizo nililolitoa vizuri huulizwa tena, wakati la mwenzangu wa hapa hutekelezwa papo hapo. Hayo ndiyo nisiyoyasema tunapozungumza kwa simu, kwa sababu huwa unauliza kwanza kama nimekula.

Mdogo wangu, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaruhusiwa kuomba, na ukiwa kazini hubanwi na masharti ya uhamiaji. Lakini umeniuliza kwa siri kama unaweza kunyamaza kuhusu pumu yako wakati wa usaili. Huwezi. Jeshi huomba kumbukumbu zako za matibabu, na anayegunduliwa kuwa ameficha ugonjwa hupoteza nafasi hata kama ugonjwa wenyewe ungeweza kusamehewa. Pata barua ya daktari inayoonyesha ni lini ulitumia dawa mara ya mwisho, kisha nitumie niisome kabla hujajaza fomu.