Jibu: My Love from the Star kwa asiyependa mambo ya anga

Dada, umeuliza kama uanze My Love from the Star, ile tamthilia ya Kikorea, ilhali hadithi za anga zinakuchosha. Anza tu! Vyombo vya angani havionekani sana. Do Min-joon, kiumbe wa sayari nyingine mwenye umbo la mtu, alishuka Korea mwaka 1609, enzi za ufalme wa Joseon, akabaki miaka 400 bila kuzeeka. Sasa ni mhadhiri Seoul, na miezi mitatu kabla hajarudi kwao anapata jirani mwenye makelele, mwigizaji nyota Cheon Song-yi.

Jun Ji-hyun, anayeigiza Song-yi, ndiye anayeibeba tamthilia hii. Song-yi ana majivuno, analewa, anaropoka, halafu jina lake linapochafuliwa na watu kumkimbia, unaona jinsi alivyo mpweke. Kim Soo-hyun, anayeigiza Min-joon, yeye ametulia, anaigiza kwa macho. Mapenzi yao yana kikwazo kizito: Min-joon akimbusu Song-yi tu, anashikwa na homa kali.

Ila kilichonigusa kuliko mapenzi yenyewe ni urafiki wa Min-joon na wakili Jang, mzee anayeijua siri yake. Mmoja anazeeka, mwenzake yuko vilevile, na wote wanajua kuagana kunakuja. Zitazame zile sehemu zao bila haraka.

Udhaifu upo. Kuna muuaji tajiri ambaye kisa chake kinarefushwa mno, na katikati hadithi inazunguka palepale. Sehemu ziko 21. Kumi na sita zingetosha kabisa. Mwisho sikuambii, ila mimi uliniridhisha, maana hawakudanganya kwamba tatizo la sayari mbili limeyeyuka ghafla.