Mabano ndiyo yamemponza, mama
Mama, mwanao anajua kutoa na kujumlisha vizuri. Kwenye hesabu yake ya kutafuta x, 3(x − 4) = 2x + 5, alipata x = 9. Kosa liko alipofungua mabano: badala ya kuzidisha yote, yeye kaandika 3x − 4. Ile 3 inazidisha kila kilichomo ndani, kwa hiyo ni 3x − 12. Mwambie afikirie magunia 3 ya machungwa pale soko la Kibuye, kila gunia limepungua machungwa 4. Yaliyopungua ni 12, si 4!

Sasa 3x − 12 = 2x + 5. Toa 2x pande zote: x − 12 = 5. Ongeza 12 pande zote: x = 17.

Ahakikishe kwa kuweka 17 mahali pa x: 3(17 − 4) ni 3 × 13 = 39, na 2 × 17 + 5 ni 34 + 5 = 39. Hatua hii asiiruke kamwe. Kwa ile 9 aliyopata, upande mmoja ungetoa 15 na mwingine 23.