Kwa wageni wa tenkara: loweka mikono kwanza

Jumapili nilipanda na vijana watatu kwenye kijito kimoja cha milima ya Gifu, Japani, kuvua kwa tenkara, yaani ufito mrefu, mshipi na chambo bandia, bila gurudumu. Kabla sijamaliza kufunga viatu, mmoja wao alishazama hadi magoti mkiani mwa kidimbwi, pale pale iwana, samaki wa vijito baridi vya milimani, wanapojilaza. Samaki wote wakatimka. Wanangu, nawapenda, lakini haya nimeshayasema mpaka koo limekauka.

1. Yugyoken, tiketi ya kibali cha kuvua, ikatwe kabla hujakanyaga ukingo. Pesa ile ndiyo ushirika wa wavuvi unayoutunzia mto.

2. Panda na mto, usishuke nao. Iwana huelekeza kichwa mkondo unakotoka. Ukimjia kwa nyuma hakuoni. Kivuli chako nacho kichunge.

3. Mikono iwe baridi na imelowa. Hapa nisikilizeni.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata iwana wa sentimita 28, mgongo umejaa madoa meupe kama mchele uliomwagika. Mimi nimekulia mshipi wa mkononi huko Pwani, samaki ni kitoweo au ni pesa. Huyu alinishinda kwa uzuri, nikataka nimpige picha kisha nimwachie. Nikamlaza juu ya jiwe lililopigwa na jua la Agosti. Picha ya kwanza ikaingia kivuli. Nikapiga ya pili, na ya tatu. Viganja vyangu vilikuwa vikavu na vya moto, naye katoka kwenye maji yanayouma vidole. Nilipomnyanyua, utelezi wake ulibaki jiweni, unang'aa kama njia ya konokono. Majini akalala ubavu. Matamvua yalifunguka mara mbili, polepole, basi.

Mzee niliyefuatana naye hakunikemea. Alimwokota, akampasua, akampaka chumvi, akamchoma kwenye kijiti. Kabla ya kula akaunganisha viganja: itadakimasu, yaani napokea. Kisha akanipa samaki mzima. Nilimla mpaka mapezi, kila tonge likikwama kooni. Tukishuka, akasimama mbele ya jiwe la kuyo, yale mawe yanayosimamishwa kuziombea roho za samaki waliovuliwa. Akainama. Nikainama nami, na nilijua fika namwomba nani radhi.

Tangu siku hiyo, nikifika mtoni sifungui hata mfuko wa kebari, zile ndoana zenye chambo bandia. Nachutama, nazamisha mikono mpaka ipoe, nasikiliza maji. Dakika hizo ndizo zinazonipandisha mlimani. Samaki akija ni ziada. Picha mpige akiwa ndani ya maji.

4. Kijino cha ndoana kibanwe kwa koleo.

5. Kengele ya kuwatahadharisha dubu ifungwe nje ya begi. Kuna mwenzenu aliifungia ndani ya taulo ili isimpigie kelele!

Yule wa kidimbwini tutapanda naye tena wiki ijayo. Jioni ile, wenzake wakikunja mishipi, nilimkuta amechutama peke yake ukingoni, mikono yote miwili imo majini, hana haraka. Sikumsemesha.